Kidonda Kilichotunzwa

1

Mzee Ambokile Mwaisumo alikunja suruali hadi juu ya goti, akaunyoosha mguu wa kushoto kwenye kigoda cha chuma, akasema kama alivyozoea kusema kila Jumatatu na kila Alhamisi:

"Haya sista, mkame ng'ombe wako mapema, kabla hajabadili nia."

"Shikamoo kwanza, baba," alijibu Tusekile huku akivaa glavu.

"Marahaba mwanangu. Kama umelala vizuri, mimi pia nimelala vizuri. Tuendelee."

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, akilisha kuni tanuri la kiwanda cha chai, bomba lilipasuka na mvuke ukamchuna ngozi kuanzia chini ya goti hadi kifundoni. Jeraha lilifunga mara tatu, likapasuka mara tatu. Mara ya nne halikufunga tena. Alioa akiwa nalo, akazaa akiwa nalo, akajifunza ufundi wa miavuli kwa sababu ni kazi ya kukaa, na katika milima ile ya mvua miavuli haiishi kuharibika. Ilikuwa miaka thelathini na tisa tangu aungue.

Sasa kilikuwa kimefunikwa na utando hai, kitu chembamba kama ngozi inayoganda juu ya maziwa ya moto, kilichooteshwa maabara kisha kikalazwa juu ya nyama. Utando ulikunywa ute wa kidonda kwa siku tatu nne hadi ukavimba. Tusekile aliubandua, akautumbukiza kwenye chupa ya baridi, akalaza mwingine mpya. Hayo ndiyo yaliyoitwa mavuno.

Mwili wenye kidonda cha muda mrefu haunyamazi. Usiku na mchana unapiga mbiu: jengeni ngozi, jengeni ngozi. Kwenye jeraha jipya mbiu hiyo hupigwa wiki mbili tatu, kazi ikaisha, kukawa kimya. Kwenye mguu wa Ambokile ilikuwa haijawahi kukoma. Utando uliikusanya, na kule kitaluni, nyuma ya jengo, chembe za ngozi ya mtu aliyeungua zikiisikia zilikua haraka, shuka zima la ngozi kwa siku chache. Zamani aliyeungua nusu ya mwili alikuwa wa kuzikwa, maana vijidudu vya miaka hii havisikii tena dawa yoyote. Kinachovizuia ni ngozi yenyewe.

Watu kama Ambokile waliitwa visima. Kituo cha Ngozi cha Ngulilo kilikuwa na visima ishirini na saba, na hakuna aliyetoa kumshinda yeye. Sheria ilikataza wasilipwe, kwa hiyo walipewa heshima. Kanisani aliwekewa kiti cha mbele, yeye ambaye zamani alikaa dirishani ili harufu itoke nje.

Lakini kisima kikipona kinakauka. Ndiyo maana utando ulitengenezwa ufanye kazi mbili: kukusanya ute, na kukizuia kidonda kisifunge.

Asubuhi ile Tusekile alipoubandua, upande wa juu uling'ang'ania. Akavuta taratibu. Damu ikachuruzika, nyembamba, bila sababu. Akafuta, akainama. Ukingo wa kidonda, ambao miaka yote ulikuwa bapa, ulikuwa umeinuka na kujikunja kwa nje, na kwenye pembe moja nyama ilikuwa imechanua mafundo mafundo kama koliflawa. Akaugusa kwa kidole. Ulikuwa mgumu kama ukoko wa ubwabwa.

"Hapa panauma, baba?"

"Hapaumi. Panavuja tu. Nilidhani ni utando umeshika."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi ya mahindi, nadhani. Kwani vipi?"

Tusekile aliinuka. Alivuta Jicho, ile mashine ya kusoma vidonda iliyoning'inia darini kwa mkono wake wa chuma, akaielekeza mguuni. Jicho likapima rangi, likapima joto. Kisha kwenye kioo likaandika neno lile lile lililoandikwa kila mavuno kwa miaka kumi na mmoja: SALAMA.

"Umeona?" Ambokile alicheka. "Mashine inanipenda. Sasa niambie, yule binti wa betri anaendeleaje?"

Kwa taratibu za kituo kisima hakikutakiwa kujua ute wake unamwendea nani. Kwa taratibu za Ngulilo kila mtu alijua.

"Anaendelea," Tusekile alisema, akalaza utando mpya. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimegusa vidonda kwa miaka ishirini na miwili, vilikuwa vimekwisha kushtuka. Havikuwa vimeshtuka leo tu. Wiki tatu nyuma viliugusa ukingo ule, vikaona umenenepa. Siku ile alikuwa ameandika kwenye daftari lake: angalia tena. Siku mbili baadaye Sekela akaletwa akiwa ameungua, na Tusekile hakuangalia tena.

2

Daktari Gwantwa Lutengano, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama mbele ya dirisha la kitalu. Nyuma ya kioo, kwenye sinia pana lenye maji ya waridi, shuka la ngozi lilielea. Lilikuwa limefika nusu.

"Jicho limesemaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Salama."

"Sasa?"

"Jicho lilifundishwa kwa vidonda vya miaka kumi, daktari. Linatafuta joto. Mguu wa Mzee Ambokile una joto siku zote, halina cha kulinganisha. Kidonda kile kimekutangulia kuzaliwa."

Daktari akageuka. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na macho ya mtu aliyekwisha kutia saini vifo vingi. "Kwa hiyo unataka nikate kipande nipime."

"Leo."

"Nikikata leo, damu mbichi inamwagika, na utando haushiki juu ya damu mbichi. Kisima kimekauka kwa wiki sita." Akaonyesha sinia kwa kidevu. "Hili limepandwa kwa ute wa Ambokile. Huwezi kulimalizia kwa ute wa mwingine, litachanika. Tukianza upya na kisima kingine ni siku kumi na nne. Sekela hana siku kumi na nne, dada Tusekile. Mgongo uko wazi, mapaja yako wazi. Nahitaji Alhamisi na nahitaji Jumatatu. Jumanne namkata kipande mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Kama ni saratani?"

"Kama ni yenyewe, ina miezi pale. Siku nane zitaongeza nini?"

"Hii inayoota kwenye makovu haina adabu ya ile inayoletwa na jua. Inakaa kimya miaka, ikiondoka inaondoka mbio."

Mle ndani pampu ililitikisa sinia, na shuka likajikunja kidogo, likajikunjua.

"Basi nikamwambie yeye mwenyewe," Tusekile alisema.

"Ukimwambia atakubali kutoa. Unamjua. Na akifa, atakufa akijua alichagua. Huo ni mzigo mkubwa kumtwisha mzee." Daktari alishusha sauti. Hakuwa anatisha, alikuwa anasihi. "Tusipomwambia, mzigo tunaubeba mimi na wewe. Mimi niko tayari kuubeba."

Tusekile alitaka kuchukia, akashindwa. Maneno hayo yalikuwa na huruma ndani yake, na hilo ndilo lililomtia hofu.

3

Jumanne aliingia wodi ya mapazia. Kila kitanda kilizungukwa na pazia la plastiki lililoshuka toka darini hadi sakafuni, na hewa ya ndani ilichujwa hadi ikakosa harufu. Sekela Mwakipesile alilala kifudifudi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mchuma chai. Betri ya pikipiki ya umeme ililipuka ikichajiwa sebuleni, naye akarudi ndani kumtoa mama mkwe wake. Mama mkwe alipona bila hata lengelenge.

"Sista, ngozi ya kifuani inawasha."

"Kuwasha ni kuzuri. Imeshika."

"Wanasema ni ya mzee fundi miavuli."

"Ngozi ni yako mwenyewe. Yeye ametoa mbiu tu, ya kuiamsha."

Sekela alilifikiria hilo. Alizungumza kwa vipande vipande, akivuta pumzi kati ya kipande na kipande. "Nikitoka nitampikia ndizi. Kwa maziwa. Ana mke?"

"Anaye."

"Nitawapikia wote wawili." Kisha: "Sista, mbona leo huniangalii?"

Tusekile akamwangalia. Mgongo ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa cha fedha, na chini ya kitambaa, alijua, hapakuwa na kitu. Akarekebisha bomba ambalo halikuhitaji kurekebishwa, akatoka.

4

Jumatano baada ya chakula cha mchana alipanda kilima kwenda kwa Mzee Ambokile. Alimkuta barazani amezungukwa na miavuli iliyovunjika mbavu, waya mdomoni, koleo mkononi. Mkewe, Mama Atuganile, alikuwa kwenye ngazi akimenya ndizi, maganda yakianguka kwenye karai.

"Sista nyumbani!" Ambokile aliutoa waya mdomoni. "Kuna nini, ng'ombe amepotea?"

Tusekile aliwaamkia wote wawili, akakaribishwa kiti, akakikataa. Alichuchumaa mbele ya mzee.

"Baba, naomba nikuguse hapa, kwenye kinena."

Mzee akaacha utani. Akajiegemeza nyuma. Vidole vya Tusekile vikatafuta kwenye mkunjo wa paja la kushoto, vikapita, vikarudi. Pale palikuwa na mtoki, uvimbe mdogo kama njugu mawe, mgumu, usiosogea.

"Huu una muda gani?"

"Huo? Si mtoki tu? Mtu mwenye kidonda hakosi mtoki."

Ni kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyeuliza. Tusekile aliinuka, sasa akakikubali kile kiti.

"Nadhani ni saratani," alisema. Hakulizungusha. "Imeotea kwenye kidonda chenyewe. Bado haijapimwa, lakini vidole vyangu vinaniambia hivyo. Na huenda imeshafika kwenye mtoki."

Kisu cha Mama Atuganile kikasimama katikati ya ndizi.

"Inaua?" Ambokile aliuliza.

"Ikiwahiwa, wengi wanapona. Ikisambaa, inaua."

"Kuwahi ndiyo kufanyaje?"

"Kukata mguu, baba. Juu ya goti. Na kuitoa mitoki."

Mzee alitazama mwavuli uliokuwa mapajani mwake, akaufungua, akaufunga. Ulikuwa umepona, ulifunguka vizuri. Akauweka kando.

"Miaka ishirini na mitano," Mama Atuganile alisema. Hakuwa anapaza sauti. "Nilikiosha kidonda hicho kwa maji ya chumvi kila asubuhi, miaka ishirini na mitano. Watoto wanakunywa uji, mimi ninaosha. Halafu daktari wa mjini akasema anaweza kukifunga, atachukua nyama ya paja aibandike. Akatupa tarehe. Nilishafua hadi shuka za kwenda nazo hospitali. Ndipo ukaja wewe na karatasi zako, ukakaa hapo hapo ulipokaa. Ukasema Mungu hakitupi kitu, hata kidonda."

"Nilisema, mama."

"Ulijua kinaweza kugeuka hivi?"

Tusekile alikuwa ameliogopa swali hilo njia nzima ya kupanda kilima. "Nilijua. Tulifundishwa darasani, mwaka wa pili. Kidonda kisichofunga miaka mingi kinaweza kugeuka saratani, kwa sababu ile ile inayokifanya kisima: mwili unaoambiwa jenga, jenga, bila kupumzika, ipo siku unajenga hovyo. Kwenye karatasi ya kituo haikuandikwa. Waliandika kuwashwa, harufu, homa ndogo. Nami sikuongeza neno. Na wiki tatu zilizopita niliugusa ukingo nikaona umebadilika, nikanyamaza. Siku mbili baadaye binti akaletwa."

Karai lilikuwa limejaa maganda, na nzi walishaanza kukusanyika.

"Yule binti," Ambokile alisema hatimaye. "Amebakiza mavuno mangapi?"

"Mawili. Kesho na Jumatatu."

"Na mkinikata kabla?"

"Huenda asipone."

"Basi mawili. Kwani siku tano ni nini kwa mtu aliyengoja miaka thelathini na tisa?"

"Baba, mtoki huo haungoji."

"Sista, wewe hujui." Mzee alisogea mbele, na kwa mara ya kwanza Tusekile akamwona bila ule mzaha wake, uso mtupu. "Niliishi miaka ishirini na minane watu wakisogeza viti nikikaa. Kwenye msiba, kwenye harusi, kwenye mkutano wa kijiji. Hawakusema kitu, walikuwa na adabu zao. Walisogeza viti tu. Leo nikipita wananiita Mzee Kisima, wananishikia mkono. Mguu huu umevika watu ngozi. Mnataka niondoke kwa kumnyima mmoja, tena wa mwisho?"

"Mimi nilisogeza?" Mama Atuganile aliuliza.

"Nini?"

"Nakuuliza, Ambokile. Kiti. Mimi nilisogeza kiti?"

Mzee aliokota koleo lake, akaliweka tena chini.

"Nililala upande wa kidonda," alisema mkewe. "Ulitaka nilale upande wa ukuta, nikakataa, nikasema nitazoea, nikazoea. Hao waliokusogezea viti ndio unataka kuwafurahisha? Sawa. Huyo binti hana kosa, alikwenda motoni kwa ajili ya mama mkwe, Mungu ambariki. Alhamisi mpe. Jumatatu ni yangu mimi."

Akarudi kwenye ndizi zake. Alimenya mbili, tatu, harakaharaka, akikata na nyama.

Ambokile alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia Tusekile, akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Umesikia mwenye mguu," alisema.

5

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi Tusekile alibandua utando wa mwisho. Hakulivuta Jicho. Saa tatu Mzee Ambokile alikuwa chumba cha upasuaji, na aliyeshika kisu ni Daktari Gwantwa. Jumatano jioni, Tusekile alipomwambia kwamba amekwisha kusema, daktari aliuliza jambo moja tu: mzee ameamuaje? Alipojibiwa, aliagiza chumba kiandaliwe.

Kipande kilipimwa hapo hapo. Ilikuwa yenyewe. Mguu ulikatwa juu ya goti, mitoki tisa ikatolewa. Miwili kati yake ilikuwa imeingiwa na saratani.

Shuka la kitaluni liliacha kukua Jumapili. Lilitosha mgongo wote na paja la kushoto. Paja la kulia walilifunika kwa vipande vidogo vya ngozi walivyomchuna Sekela kichwani, vingine vikashika, vingine vikaoza. Homa ilimpanda siku kumi na moja. Mara mbili walimwita mume wake aje amuage, mara mbili akarudi nyumbani bila kuaga. Siku ya kumi na mbili Sekela aliomba chai ya rangi, na wauguzi wakapishana mlangoni kumpelekea.

Aliishi. Lakini juu ya paja la kulia lilibaki eneo la viganja viwili lililokataa kufunga.

Wiki tatu baada ya kukatwa, Mzee Ambokile alikuwa bado wodini akifundishwa kutembea na magongo. Tusekile alikuja kumbadilishia bendeji. Kisiki kilikuwa kinafunga vizuri, kikavu, kisafi. Mzee alikitazama kama anayetazama kitu cha jirani.

"Hakinuki," alisema.

"Hapana, baba."

"Sista, nikuulize kitu. Siku ile ya kwanza, ungeniambia kinaweza kugeuka. Unadhani ningekubali kuwa kisima?"

Tusekile alifikiri. Aliona ni haki ya mzee apewe jibu la kweli. "Sijui."

"Mimi pia sijui. Nalala hapa najiuliza, na sijui. Pengine ningekubali. Nilikuwa na hamu mno ya kuitwa mtu." Akaushusha upindo wa suruali juu ya kisiki, akaukunja vizuri, akaubana kwa pini. "Mguu nimeutoa, sikudai. Binti yu hai. Lakini kule kuulizwa, sista, kule mliniibia. Wewe uliniibia."

Hakuyasema kwa hasira. Akanyoosha mkono apewe magongo, naye akampa, wakaenda pamoja hadi mwisho wa ukumbi na kurudi.

Mwezi ule Tusekile alivipitia visima ishirini na sita vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa vidole. Viwili vilikuwa na ukingo ulioinuka. Aliandika barua wizarani akaeleza kila kitu, na zile wiki tatu zake akazitaja kwa tarehe. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Daktari Gwantwa aliisoma, akaomba kalamu, akatia jina lake chini ya la Tusekile. Wizara ikajibu kwamba Jicho litafundishwa upya. Kuhusu karatasi ya kuwaandikisha visima, ikajibu kwamba suala linafanyiwa kazi.

6

Miezi sita baadaye Sekela alikuja kliniki. Alitembea mwenyewe, amejifunga kanga mbili, shingo imejaa makovu yanayong'aa kama kokwa la parachichi. Alikuwa ametoka kwa Mzee Ambokile. Dawa zilikuwa zimemkondesha mzee, hakuna aliyejua mwisho wake, lakini ndizi alikula.

"Na mama akala?" Tusekile aliuliza.

"Alikula akasema nimezidisha chumvi."

Wakacheka. Sekela akakaa, akafunua paja. Kidonda kilikuwa kile kile, chekundu, kimelowa, viganja viwili. Tusekile akagusa ukingo mzunguko mzima. Ulikuwa laini, bapa. Bado.

Kwenye kioo cha ukutani, Jicho lilikuwa limekwisha kusoma faili. Halikuwa limeulizwa. Chini ya jina la Sekela liliandika: kidonda cha muda mrefu, mgonjwa kijana, afya njema. ANAFAA KUWA KISIMA. Na chini yake karatasi ya kutia saini, tayari, ile ile ya zamani: kuwashwa, harufu, homa ndogo.

Sekela aliisoma polepole. Uso wake ukachangamka.

"Mimi? Naweza kutoa, kama nilivyopewa?"

Tusekile alikizima kioo. Akavuta kigoda, akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Unaweza. Na tunaweza kukifunga, mwezi ujao, kwa nyama ya shavu la mguu. Kabla hujasema chochote, nisikilize mpaka mwisho."

Akamweleza. Alieleza mbiu isiyokoma na mwili unaojenga hovyo, alieleza ukingo, mtoki, mguu. Alieleza alichokijua mwaka wa pili darasani na alichokinyamazia siku ya kwanza barazani kwa Mzee Ambokile. Alieleza pia kwamba mavuno yale ya Alhamisi yaliombwa na kutolewa, na ya Jumatatu yakakataliwa, na kwamba kidonda hiki cha paja ndicho ile Jumatatu.

Sekela alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kanga, akalifunika paja.

"Nikikataa, walioungua wataponea wapi?"

"Kuna visima vingine. Havitoshi. Wengine watakufa."

"Na nikikubali?"

"Huenda isitokee kitu. Au ukiwa na miaka hamsini, au arobaini, ukawa kama yeye."

"Wewe ungefanyaje?"

"Nisiulize mimi," Tusekile alisema. "Mimi nilishamwamulia mtu mara moja."

Nje, foleni ya kliniki ilikuwa inazungumza juu ya bei ya mbolea. Muuguzi mwingine akachungulia mlangoni, akaona, akaurudisha mlango taratibu.

"Mzee ameniambia leo," Sekela alisema, "kwamba asubuhi akiamka anausikia mguu unamwasha, mguu ambao haupo. Anapeleka mkono kukuna." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Nifunge, sista. Nisamehe. Nifunge."

"Hakuna cha kusamehe."

"Kipo," alisema Sekela, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Kipo, na wewe unajua kipo."

Tusekile hakubisha. Alichukua kalamu, akaandika tarehe ya kumfunga, akaisoma kwa sauti ili Sekela aisikie. Wodi ya mapazia, siku hiyo, ilikuwa na watu saba.